Uzee, majirani na siasa: ninayoyaona hapa Mbeya

Ukishavuka 60, eneo lako la kuishi linaanza kupungua bila mtu kukuambia. Zamani nilikuwa natoka hapa Ilomba naenda Mwanjelwa kwa miguu, narudi na kapu la viazi, na bado napika. Siku hizi goti la kulia ndilo linaloamua kama nitafika sokoni au nitaishia gengeni. Watoto wako Dar es Salaam, mmoja Dodoma. Walimu wenzangu niliofundisha nao wametawanyika, na wengine tumeshawazika. Ukikaa ukajiuliza kwa dhati ni nani anaweza kufika mlangoni kwako kabla chai haijapoa, unabaki na watu wachache sana: jirani wa kushoto, jirani wa kulia, mwenye duka, kijana wa bajaji aliyepanga nyumba ya nyuma, na mama anayeuza mboga pale kona.

Hao ndio nataka kuwazungumzia. Miaka hii siasa imeingia katikati yao, na nimewaona wazee wenzangu wakiwapoteza mmoja mmoja kwa ajili ya chama, wakati ndio watu pekee waliobaki karibu nao.

Nieleweke mapema. Sisemi wazee tuache siasa. Mimi nina upande, kura napiga, na mtaani wanajua nampigia nani. Wala sisemi kwamba zamani tulikuwa kitu kimoja na sasa ndiyo tumeharibika. Nilizaliwa Iringa. Tulipokuwa wadogo, wakubwa walikuwa wakishusha sauti kila walipotaja Isimani, ambako siku ya Krismasi ya 1971 mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, katika ugomvi wa mashamba na siasa ya ujamaa. Mwamwindi naye alikuja kunyongwa. Mtoto wa umri wangu hakuelewa sera. Alichoelewa ni kwamba watu wazima walikuwa wakiacha kuzungumza yeye akiingia chumbani. Kwa hiyo anayesema kugawanyika kumeletwa na vyama vingi, umri wake haujamfikisha huko nyuma.

Hapa Mbeya Mjini tumekaa pande zote mbili za furaha na huzuni. Kuanzia 2010 hadi 2020 mbunge wetu alikuwa Joseph Mbilinyi wa CHADEMA, kisha 2020 akaingia Tulia Ackson wa CCM. Hakuna mtaa usiojua kushangilia, na hakuna usiojua kununa. Tulinuniana, tukarudiana. Mtu alikuwa anakaa wiki mbili haji kuomba moto wa mkaa, halafu anakuja.

Halafu ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Sitaieleza yote hapa, kila mmoja ana alichokiona na alichosimuliwa. Watu walikufa. Intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na iliporudi, picha zikamiminika kwenye simu kuliko mtu anavyoweza kuvumilia. Baada ya hapo nikaona jambo ambalo sikuliona hata enzi za chama kimoja: mtu anachungulia kwanza ni nani yuko dukani, ndipo aamue kama ataingia kununua chumvi.

Nimekuwa nikifikiri sana juu ya hilo, kwa sababu kijana anaweza kumudu kuchungulia. Asipoingia duka hili ataingia lile, akimnunia huyu atahamia kijiwe kile, ana miguu na ana pikipiki. Mzee hana kijiwe cha pili. Akiwachuja majirani zake watano kwa vyama, anabaki na wawili, na hao wawili siku ya shida wanaweza kuwa wamesafiri.

Mwezi wa Juni uliopita, katika ile baridi yetu ya kulala na soksi na sweta, presha ilinipanda usiku. Kichwa kilikuwa kinagonga, macho yanaona ukungu. Nilimpigia mwanangu Dar, akachanganyikiwa, na atafanya nini mtu aliye zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa? Aliyekuja ni jirani wa kulia, mstaafu wa reli ya TAZARA, kada wa chama ambacho mimi sikipigii kura. Alikuwa amevaa fulana ya kampeni, ile anayolalia, na koti zito juu yake. Akaenda kumgongea kijana wa bajaji. Hao wawili kwa siasa hawapikiki chungu kimoja. Tangu uchaguzi walikuwa hawajasalimiana. Wakanifunga blanketi, mzee akakaa nyuma na mimi, kijana akaendesha. Njia nzima hawakusemeshana, ila kila tulipokaribia tuta kijana alikuwa anasema, "Tuta, mzee. Mshike Mwalimu." Na mzee alikuwa ananishika bega mpaka tuvuke, halafu anasema, "Haya, twende."

Hayo maneno machache ndiyo waliyozungumza usiku ule. Baadaye walianza kusalimiana. Hawajakubaliana jambo lolote la siasa mpaka leo ninapoandika, na sidhani kama watakubaliana.

Kwa hiyo ninachowaambia wazee wenzangu kwanza ni salamu. Sisi tumezoea kukaa tukisubiri shikamoo, na kijana asipotoa tunasema amekosa adabu. Katika kipindi hiki tuanze sisi. "Hujambo mwanangu, mama anaendeleaje?" Hata kama ni yule aliyekuwa anapiga honi usiku kucha matokeo yalipotangazwa, hata kama ni yule anayesema wazee ndio waliotufikisha hapa. Muulize mama yake kwa jina la mtoto wa kwanza, muulize mahindi shambani yamefikia wapi. Watu wa nyanda hizi hatuna salamu fupi. Mhehe akisema kamwene na Mnyakyusa akisema ugonile, ujue hapo ndiyo wanaanza, bado hamjaulizana mifugo, mvua na mgonjwa wa juzi. Mtu uliyemsalimia kwa urefu namna hiyo asubuhi, ni vigumu sana kumtukana jioni.

La pili ni msiba, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoona siasa inashindwa kwa macho yangu.

Misiba ya huku mnaijua. Mtaa mzima unahamia pale. Wanaume wanakaa nje kuzunguka moto, daftari la rambirambi linaandikwa, wanawake wanaingia jikoni nyuma ya nyumba. Mwaka huu tulipata msiba mtaa wa pili, na nilikaa kwenye kundi la kumenya ndizi. Waliokaa pembeni yangu walikuwa wanawake wawili ambao mwaka jana waligombana hadharani kwenye mkutano wa kampeni, hadi wakaamuliwa. Mmoja alikuwa amejifunga kanga ya chama chake kiunoni, si kwa kujionyesha, ni kanga ya kazi kama nyingine, imeshapauka na ina masizi ya sufuria. Kulikuwa na kopo moja la mafuta ya kupaka mikononi ili utomvu wa ndizi usigande. Yule wa kwanza akapaka, akabaki amelishika kopo. Akamtazama mwenzake. Kisha akamwambia, "Lete mikono," akammiminia. Wakaendelea kumenya. Baada ya muda wakaanza kuzungumza bei ya mbolea.

Nendeni misibani. Nendeni hata kwa yule mliyekorofishana naye, na hasa kwake. Usitume mtu, usitume hela tu kwa simu kama uko mtaa uleule na miguu inakubeba. Kaa pale, menya kinachomenywa, kama mgongo hauruhusu kuinama basi shika watoto. Na jina lako likiandikwa kwenye daftari, liandikwe hata kwa shilingi 1,000. Familia ikija kulisoma lile daftari usiku, wanasoma nani alikuja. Wazee wenye akili nimewaona wakiyatunza madaftari hayo miaka na miaka, ili wajue wanadaiwa kwenda kwa nani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona tunalikosea sana sisi wazee, na linanitia uchungu. Tunapenda mno kusema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali nzuri, nimeifundisha darasani. Lakini haifai kumwambia mama aliyezika mtoto wake mwaka jana, au aliyemtafuta ndugu yake kituo cha polisi hadi kituo. Kwake hayajapita. Nimewasikia wazee wa heshima, hata waombaji wazuri kanisani, wakimwambia mtu wa namna hiyo anyamaze kwa ajili ya amani. Wanadhani huo ni wema. Mtu anaambiwa anyamaze ili sisi wengine tustarehe, na anaondoka pale akiwa amefiwa mara ya pili.

Wema kwa mtu wa namna hiyo ni kukaa naye na kumsikiliza mpaka amalize, hata kama anayoyasema yanaigusa serikali unayoipenda au chama unachokipenda. Huhitaji kujibu. Huhitaji kutetea. Mpelekee uji, mwache aseme, rudi tena wiki ijayo mwache aseme tena. Na mtu wa upande ule mwingine aliyechomewa duka naye asikilizwe vivyo hivyo, asiambiwe kwamba alistahili.

Juu ya kusikiliza, kuna habari moja ambayo vijana wengi ninaowasimulia hawaijui. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Francis Nyalali, ikazunguka nchi kuwauliza wananchi kama wanataka kubaki na chama kimoja au kuwa na vyama vingi. Karibu asilimia 80 walisema chama kimoja kibaki. Waliotaka vyama vingi walikuwa kama asilimia 20 tu. Pamoja na hayo tume ikapendekeza mfumo ubadilishwe, 1992 sheria ikapitishwa, na 1995 tukapiga kura ya kwanza ya vyama vingi. Baba yangu alikuwa miongoni mwa wale wengi. Alinung'unika, kisha akaenda kupanga foleni na kupiga kura kama wengine. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, na nakumbuka nilivyoshangaa kwamba wachache wanaweza kusikilizwa bila wengi kuona wameonewa. Kama nchi iliweza, meza ya chakula yenye watu sita inaweza. Mjukuu wangu akiwa peke yake upande wake pale mezani, namwambia aongee wa kwanza.

Na ukitaka kuzungumza siasa na mtu mnayetofautiana, usimuulize kwa nini anakipenda chama kile. Hapo atakusomea ilani. Muulize ni nini kilimtokea. Yule mstaafu wa TAZARA nilipomuuliza hivyo, alinisimulia jinsi reli ilivyojengwa kati ya 1970 na 1975, Wachina na Watanzania pamoja, na jinsi yeye mtoto wa mkulima alivyopata kazi yenye buti na sare. Kwake chama ndicho kilichomvalisha zile buti. Kijana wa bajaji naye ana shahada, ameomba kazi mpaka amechoka, na bajaji yenyewe ni ya mkataba. Kila mmoja ana sababu inayotokana na maisha yake. Mimi bado sikubaliani na mzee, lakini siwezi tena kusema ni mjinga au amenunuliwa.

Simu nayo. Kundi la ukoo wetu lilianzishwa kwa ajili ya michango ya harusi na misiba. Kufikia Novemba ile lilikuwa limejaa video na matusi, na binamu wawili wakatoka. Tulichofanya, kwa shauri la shangazi aliye Tukuyu ambaye hata kusoma anasoma kwa shida, ni kukubaliana kwamba jambo la siasa haliandikwi humo; mwenye nalo ampigie mwenzake simu wasikilizane sauti. Limesaidia kuliko nilivyotarajia. Mtu anayekuandikia "nyie mmeuza nchi" saa sita usiku, ukimpigia kesho yake anaanza na shikamoo. Mzee mwenzangu, na wewe usisambaze video ambayo hujui imetoka wapi. Tunaaminika na wajukuu zetu, na uaminifu huo tusiuchezee. Mimi baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku simu inakaa sebuleni, silali nayo. Usingizi wa umri wetu ni mwepesi na hauhitaji kitu cha kuuvuruga.

Sasa furaha, maana kuna wanaodhani katika hali hii kufurahi ni dhambi. Si dhambi. Ukikosa furaha ya kila siku unakuwa mkali, na mzee mkali watu wanamkwepa.

Furaha yangu naipata kwenye mambo madogo ninayoweza kuyafikia. Mwezi wa Juni na Julai, saa tatu asubuhi jua likishapanda, natoa kiti nje kwenda kuota jua, na kikombe cha chai ya tangawizi, kiazi cha kuchemsha na kipande cha parachichi chenye chumvi. Ukungu unakuwa unaondoka Loleza taratibu kuanzia chini, mlima unajitokeza wote. Hapo ndipo wapita njia wananisalimia, na habari zote za mtaa nazipata bila kutoka. Kiti kikae mbele ya nyumba, jamani, si uani. Wazee wengi wamejengewa na watoto wao ukuta mrefu na geti la chuma, wanakaa uani wanatazama matofali, halafu watoto wanashangaa kwa nini mama amenyamaza sana siku hizi.

Nina tuta mbili za chainizi na figiri, na maboga yanayotambaa mpaka kwenye uzio. Majani ya maboga yakizidi nachuma fungu nampelekea jirani, yeyote, bila kuchagua. Bakuli langu huwa halirudi tupu. Litarudi na maziwa, au ndizi mbivu mbili, au maharage. Wakati ule mtaa ulipokuwa umenuna, bakuli lile ndilo lililokuwa likizunguka nyumba kwa nyumba kabla sisi wenyewe hatujaanza kuzungukiana.

Kliniki ya presha pia, msicheke, ni siku ninayoingojea. Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na vituo vingi vina dirisha letu. Kwenye lile benchi tunakaa wa kila chama na kila dhehebu, tunaonyeshana vidonge: wewe hiki cheupe unameza asubuhi au jioni? Chumvi umepunguza? Miguu inavimba? Nimepata marafiki wapya pale katika umri ambao nilidhani marafiki wapya hawapatikani tena. Mmoja anatoka Uyole, ananiletea mbegu za viazi. Sijui anapigia kura nani na haijanijia kumuuliza. Huko Marekani, watafiti wa Harvard wamekuwa wakifuatilia maisha ya watu tangu 1938, na moja ya mambo makubwa waliyoyaona ni kwamba uhusiano mzuri na watu una uzito mkubwa katika afya na furaha ya uzeeni. Pale kwenye benchi letu hakuna ambaye angebisha.

Namalizia na ninyi watoto wetu mlio mbali, Dar, Arusha, Dodoma na nje ya nchi, mnaosoma haya kwenye simu. Mnatupigia kila wiki na Mungu awabariki. Lakini mna namba zetu tu. Safari hii mkija Krismasi, msijifungie ndani na sisi siku zote nne. Tokeni mwende kwa jirani wa kulia na wa kushoto mkawasalimie, mchukue namba zao, na za kijana wa bajaji, mziandike kwa jina lenye kueleweka ili usiku wa manane msizitafute. Wapigieni hata mara moja kwa miezi miwili pasipo na tatizo, muulize hali zao wao, si hali ya mama tu. Mkiwa mnaniletea mimi kanga, mleteeni na mama wa jirani, na mzee wangu wa TAZARA anapenda majani ya chai yenye iliki, ingawa chai tunalima wenyewe hapo Rungwe. Na kama yeye na wewe mlirushiana maneno Facebook wakati wa kampeni, anza kwa shikamoo, yeye ataitikia.